Kampasi inakuja Mkinga, sisi tunahesabu vyumba

Tangu ujenzi wa kampasi ya Chuo Kikuu Mzumbe uanze Gombero, wilayani Mkinga, mjini Tanga hakosekani mtu mwenye hesabu zake. Mwenye kiwanja Mabokweni anaulizia bei ya tofali, mwenye nyumba Amboni anafikiria kuikata sebule itoe vyumba viwili, na vijana wa bajaji wanabishania nauli za safari ambazo bado hazipo. Upande wa pili wako wazee wa barazani wanaotuonya tujiandae kwa kelele. Wanachuo, wanasema, ni watu wenye pesa kidogo na muda mwingi, na kijana mwenye muda mwingi hapa pwani haishii pazuri. Makundi haya hayapatani, ila kuna jambo moja wamekubaliana bila kujua: wote wanamwona mwanachuo kuwa mtu mwenye nafasi. Mmoja ameona biashara katika nafasi hiyo, mwingine ameona balaa. Kwa maoni yangu wote wamekosea mahali pamoja. Mwanafunzi wa chuo kikuu wa leo amebanwa, na kinachombana zaidi ni kalenda ya chuo, fedha ya mkopo na mitihani kugongana ndani ya wiki chache. Mji unaotaka kufaidika na kampasi, na kuifaidisha, unapaswa kujadili saa za mwanafunzi kabla ya vyumba vyake.

Mradi wenyewe si wa kubeza. Fedha zinatoka HEET, mradi wa elimu ya juu wa serikali unaogharimiwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, ulioidhinishwa mwaka 2021, na ndani yake kuna majengo, maabara, mitaala na kusomesha wahadhiri. Kwa Tanga kuna uzito wa ziada. Huu ni mkoa uliokuwa na shule ya serikali tangu enzi za Wajerumani, karne ya 19 haijaisha, lakini watoto wake wakimaliza kidato cha sita Galanos au Usagara hufunga mabegi kwenda Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma. Mjini tuna kituo cha Chuo Kikuu Huria na kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, na Lushoto kuna chuo cha mahakama. Kampasi ya chuo kikuu cha umma yenye lekcha za kila siku na vijana wa shahada kwa mamia ni kitu ambacho mji huu haujakizoea, na ndiyo maana tunamjadili mwanachuo kwa kusikia.

Tuanze na hesabu. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hupima masomo kwa krediti, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: lekcha, semina, kusoma peke yake, kuandika asaimenti, mpaka mtihani wenyewe. Shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360, maana yake 120 kwa mwaka na 60 kwa muhula. Hizo ni saa 600. Muhula wa kawaida una wiki kama 17, mbili za mwisho zikiwa za mitihani. Gawanya 600 kwa 17 na utapata saa 35 kwa wiki, jambo ambalo mtumishi wa ofisini atalitambua mara moja kuwa ni kazi ya mchana mzima. Anayesema kijana ana lekcha mbili tu Jumatatu, kwa hiyo siku nzima yuko huru, anahesabu kama mtu anayedhani kazi ya mwalimu ni zile dakika 40 anazosimama ubaoni.

Hata hivyo saa 35 ni hesabu ya karatasi, inayodai kila wiki iwe wiki kamili. Haiwi. Mwaka wa masomo hufunguliwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba, na orodha za waliopata mkopo hutolewa na Bodi ya Mikopo kwa awamu. Aliyeangukia awamu ya mwisho, au anayesubiri rufaa, anaweza kukaa wiki kadhaa usajili haujakamilika, ada haijalipwa, chumba hana, analala kwa kubebwa na rafiki kwenye kitanda cha futi tatu. Anaingia darasani, ndiyo, lakini akili iko kwenye simu, anafungua akaunti yake ya mkopo kila baada ya nusu saa. Anayelipiwa na wazazi naye huwasubiri wazazi, na mzazi wa Muheza husubiri machungwa yauzwe. Tuseme wiki tatu za mwanzo zimekwenda hivyo, na mbili za mwisho ni za mitihani. Zinabaki 12. Saa 600 hazijapungua, kwa hiyo sasa ni kama 50 kwa wiki, ukiacha zile chache za kukaa ndani ya chumba cha mtihani. Saa 50 kwa mtu wa miaka 20 au 21 anayejipikia, anayejifulia, na ambaye kwa mara ya kwanza hana kengele wala mwalimu wa zamu.

Na ndani ya wiki hizo 12 mzigo haukai sawasawa. Vyuo vingi hugawa alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho, ule wanaouita UE. Chukua kozi tano, kila moja na testi mbili, asaimenti ya mtu mmoja na kazi ya kundi yenye prezentesheni: kazi 20 zenye alama. Kila mhadhiri hupanga tarehe zake, lakini wote walianza siku moja na wanafundisha kwa mwendo mmoja, basi wote hufika mahali pa kutoa testi wiki ileile. Kiongozi wa darasa, CR, hukimbizana ofisi kwa ofisi akiomba tarehe zisogezwe, na ile ya Jumanne ikisogezwa huangukia juu ya nyingine ya Alhamisi. Kazi ya kundi la watu kumi huandikwa na wawili usiku, kwa sababu wanane wana testi asubuhi. Hapo ndipo madesa yanapopata soko: muhtasari uliopigwa fotokopi na kurithiwa kutoka kwa waliotangulia, pamoja na majibu ya maswali yanayotarajiwa kurudi. Desa tumezoea kulihesabu kuwa ushahidi wa mwanafunzi mvivu. Kwa upande wangu naliona zaidi kuwa ushahidi wa mhadhiri ambaye hajabadilisha mtihani wake kwa miaka. Anayeanguka huenda supu, yaani hurudia mtihani, na katika vyuo vingi alama ya juu anayoweza kupata kwenye supu ni C, hata kama safari hii amejibu kila kitu. Kwa anayeitafuta GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.5 ili apate daraja la pili la juu, wiki moja mbaya huenda naye mpaka siku ya kuvaa joho.

Sasa bata, yaani starehe, maana hilo ndilo linalowaudhi wazee. Fedha ya chakula na malazi, bumu kwa lugha yao, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Hailipwi kila siku. Huja kwa mkupuo wa takribani miezi miwili, kama laki sita kwa anayepata kiwango kamili. Kabla haijapoa, mwenye nyumba amedai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mpigo, duka lina daftari la madeni, na nyumbani kuna mdogo anayedaiwa sare. Kinachobaki huliwa kwa siku mbili tatu za furaha: chipsi kuku, muziki, bodaboda za usiku, picha za Raskazone. Mji unaziona siku hizo. Wiki ya saba, kijana akiwa chumbani na maharage ya juzi huku akijiandaa kwa testi, hakuna anayemwona, kwa hiyo haingii kwenye hesabu ya baraza. Mtu yeyote tunayemlipa kwa mkupuo hutumia kwa mkupuo. Wavuvi wetu tunawajua, na wakulima wetu pia, lakini hakuna aliyewahi kusema wakulima wana muda mwingi kwa sababu wanacheza ngoma baada ya mavuno.

Isitoshe, maisha ya pamoja ndiyo yanayowavusha wengi kwenye masomo. Diskasheni ya saa nne usiku chini ya taa ya korido, mmoja akieleza sheria ya mikataba na wengine wakimkatiza, imefundisha watu mambo ambayo lekcha ya wanafunzi 300 haikuyafundisha. Kubebana kitandani kumemwokoa aliyekosa chumba. Jumuiya za wanafunzi misikitini na makanisani huchangishana mtu akifiwa, na ndiko mgeni hupata wa kumwonyesha mhadhiri gani anataka nini. Anayejifungia peke yake kwa jina la kupiga msuli, yaani kusoma kwa nguvu, mara nyingi ndiye wa mwisho kusikia kwamba testi imesogezwa. Kwa hiyo shauri la kumfungia mwanachuo starehe ili asome, kufunga baa mapema karibu na vyuo na kuweka makomeo kwenye hosteli, linakata kitu ambacho masomo yanakitegemea. Kelele za usiku zinazomnyima jirani usingizi ni suala la kweli, lakini ni la sheria ndogo za mtaa na linamhusu kila mwenye spika, mwanachuo au bwana harusi.

Wakosoaji wana hoja moja ya haki. Hata ukiondoa Bodi, hata ukiondoa wahadhiri, wako vijana wengi wanaoacha wiki ya nne, ya tano na ya sita zipite wakiwa na kila kitu cha kusomea, kisha wakakesha mwishoni. Simu imelirahisisha jambo hili kupita kiasi. Na kukesha hakulipi: Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima kumbukumbu mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi kubwa mara tu baada ya kujifunza, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hushika kuliko yaliyorundikwa pamoja. Kwa hiyo ndiyo, mtu mzima lazima ajifunze kujipangia, na chuo ndipo mahali pa kujifunzia hilo, hata kwa kuumia kidogo. Ninachokataa ni kuichukua hoja hii kuwa maelezo yote. Darasa la watu 200 likikesha wiki zilezile mbili, mwaka baada ya mwaka, wanaokuja na wanaoondoka, tabia ya mtu mmoja mmoja haitoshi kulieleza. Wapo pia wanaonitajia wafanyakazi wanaosoma Chuo Kikuu Huria huku wakienda kazini na kulea watoto, wakauliza mbona hao wanaweza. Wanaweza, kwa jasho kubwa, na sehemu ya siri yao ni kwamba chuo kile kilijengwa kwa ajili ya mtu wa aina hiyo: akizidiwa hupunguza kozi na kuongeza miaka. Kijana wa mkopo hana ruhusa hiyo. Mwaka ukimshinda, mkopo nao hutetereka.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi: sisi enzi zetu tulisoma bila simu, bila kulalamika, tukafaulu. Enzi zipi? Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, kijana hakutoka kidato cha sita moja kwa moja kuingia chuo kikuu. Alipita Jeshi la Kujenga Taifa, akafanya kazi, akapata mapendekezo, ndipo akaingia, mara nyingi akiwa mtu mzima mwenye mshahara nyuma yake na pengine mke. Alipofika alikuta kitanda chake na sahani yake, vyote kwa gharama ya serikali. Uchangiaji wa gharama ulikuja miaka ya 1990, na sheria iliyoanzisha Bodi ya Mikopo ni ya mwaka 2004. Hakuwa na daftari la duka la kulikimbia, hakutafuta chumba Jumapili, na darasa lake lilikuwa dogo kiasi cha mhadhiri kumjua kwa jina. Alikuwa na shida zake, vitabu vikiwa adimu na maduka ya miaka ya mwanzo ya 1980 yakiwa matupu, ila muda wake wa kusoma ulilindwa na watu wengine. Mzee anayejisifu kwa nidhamu ya zama zile anasahau nani alikuwa akimpikia.

Kuna kundi moja ambalo kampasi ya Mkinga italikuza na ambalo hakuna upande unaolitaja: watakaosoma wakiishi kwao. Wazazi wengi wanaifurahia kampasi kwa sababu hiyo hasa, binti atalala nyumbani, gharama zitapungua, macho yatakuwa juu yake. Lakini nyumba ya Ngamiani au Makorora haijui wiki ya UE. Inajua harusi, maulidi, arobaini, mgeni kutoka Pemba na mtoto wa jirani anayeumwa. Nilikuwepo mpwa wangu, binti anayesoma chuo kimoja hapa mjini, alipomwomba mama yake mkubwa amwachie asiende kwenye shughuli. “Shikamoo mama mkubwa. Kesho nina pepa.” “Marahaba mwanangu. Pepa la saa ngapi?” “Saa nane mchana.” “Basi asubuhi yote si yako?” Akamenya vitunguu vya pilau mpaka usiku. Mama mkubwa hana ubaya. Kwake, mtu aliye nyumbani yupo. Kaka yake binti huyo, naye mwanafunzi, hakuombwa chochote. Tukisema kusoma karibu na nyumbani ni nafuu, tuseme pia nafuu hiyo analipa nani, na mara nyingi ni msichana, kwa saa zake za jioni. Mwenzake anayepanga chumba chenye kero zote ana kitu kimoja ambacho huyu wa nyumbani hana: mlango wa kufunga.

Na kwa miaka michache ijayo kuna jambo la pwani ambalo mpanga ratiba wa Morogoro huenda asilihisi. Muhula wa kwanza ukifunguliwa Novemba, mitihani huangukia Februari na Machi. Ramadhani, inayorudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, ilianza katikati ya Februari mwaka 2026, na mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Maana yake UE na mfungo vitakwenda pamoja, tena katika joto la kaskazi, kwenye mji ambao sehemu kubwa ya wakazi wake watakuwa wamefunga. Usiku wa Ramadhani una futari, tarawehe na daku, na vijana wengi husoma vizuri kati ya hivyo, kwa kuwa mji wenyewe uko macho. Mchana ndio mgumu. Pepa la saa mbili asubuhi kwa aliyefunga ni jambo la kawaida kabisa. Pepa la saa nane mchana hadi saa kumi na moja, kwenye ukumbi wa bati, ni mtihani wa kitu kingine. Kupanga mapepa makubwa asubuhi katika wiki hizo hakugharimu shilingi, hakumpendelei yeyote, na asiyefunga naye atashukuru kwa ajili ya joto.

Hilo ni la chuo, pamoja na kalenda moja ya testi itakayotolewa wiki ya kwanza, yenye ukomo wa testi mbili kwa wiki kwa kila darasa. Vyuo vikongwe hushindwa kwa sababu kila idara ina mazoea yake na mkubwa wake. Kampasi changa haina mazoea bado. Ina hatari yake pia: walimu wa kudumu huwa wachache mwanzoni, na wakitegemewa wa kuja kwa zamu kutoka kampasi mama, kozi nzima inaweza kumwagwa ndani ya siku kumi, na tutakuwa tumejenga mgongano upya ndani ya majengo mapya.

Kwa upande wa mji, mwenye nyumba akipokea kodi ya miezi miwili miwili, sambamba na bumu, atalipwa kwa uhakika zaidi kuliko akidai sita na kukimbiwa. Chumba chenye meza na soketi karibu na meza kitapangishwa kabla ya chenye vigae. Maktaba ya mkoa, ile iliyojengwa enzi za mkoloni kwa jina la Mfalme George wa Sita, inaweza kukaa wazi hadi usiku kwa wiki chache za mwisho wa muhula, kwa gharama ya mlinzi na umeme. Lakini kubwa kuliko yote ni barabara. Gombero iko nje ya jiji. Vitanda vya kampasi visipotosha, na mahali pengi nchini havitoshi, vijana watapanga mjini na kusafiri. Safari ya saa moja kwenda na saa moja kurudi, siku tano, ni saa 10 kati ya zile 35, karibu theluthi moja ya wiki ya masomo iliyoishia dirishani mwa daladala. Na basi la mwisho kutoka Gombero likiwa la saa kumi na mbili jioni, maktaba ya kampasi itakuwa mali ya wanaolala bwenini peke yao. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ndiyo inayotoa leseni za njia, Jiji na Halmashauri ya Mkinga ndio wenye stendi, na chuo kitakuwa na ratiba ya lekcha mkononi. Kikao cha hao wanne kuhusu gari la saa tatu usiku hakihitaji fedha ya Benki ya Dunia, na kinaweza kuitishwa kabla mwanafunzi wa kwanza hajaripoti.